Kizim

Juzi, katika duka la dawa kule mji wa Lusail, nilimsikia mama mmoja Mturuki akimwita mwanawe, "Kizim." Nikamuuliza maana yake.

"Kiz ni binti," akasema. "Ile im ya mwishoni ni yangu."

Kumbe ni kama sisi tunavyosema mwanangu.

Nilipokuwa msichana mdogo tuliishi mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Alasiri moja mama aliitwa kazini hospitalini ghafla, akaniacha kwa jirani yetu Mturuki, mwanamke aliyeishi peke yake. Nyumba yake ilinukia siagi na ufuta. Kila mara aliita kutoka jikoni, "Kizim!" Nikadhani ni jina la msichana aliyekuwa katika chumba kimoja. Nilifurahi, maana sikuwa na wa kucheza naye. Nikaketi kando ya mlango uliofungwa, nikamngoja. Nilipopewa mkate, nikamwekea nusu.

Jioni mama alikuja kunichukua.

"Mlicheza?"

"Hapana. Kizim hakutoka."

Mama alidhani namsema paka. Tulipofika kwenye lifti, jirani yetu alikuwa bado amesimama mlangoni pake. Akaita tena, taratibu, "Kizim." Sikugeuka. Nilidhani anamwita yule msichana wa chumbani.