Sweta Moja, Darasa Zima

Wiki jana nilimpeleka mjukuu wangu kuandikishwa shule ile niliyosoma mimi, hapa karibu na Malaba. Mwalimu wa ofisini akanionyesha kitabu cha picha za waliomaliza zamani. Nikacheka peke yangu. Wewe rafiki ungecheka pia: darasa zima limevaa sweta moja.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mwalimu mkuu alitaka kila mtoto wa darasa la saba apigwe picha yake ibandikwe kitabuni. Bila sweta hakuna picha, akasema. Sweta, na jua la kwetu! Iliyokuwa nzima ni moja tu, ya binti wa mwenye duka, basi ikavaliwa kwa zamu, wadogo kwanza, isivutike. Asubuhi tulifagia uwanja, tukajipaka mafuta ya nazi mpaka nzi wakatufuata. Mpiga picha alivuka mpaka kutoka Tororo, Uganda, kwa baiskeli, kamera ya miguu mitatu imefungwa nyuma kama mbuzi wa soko.

Mimi nilichelewa kuanza shule, nikawa mkubwa kuliko wote. Tena nilijua sitaendelea. Baba mdogo alikuwa amepokea ng'ombe wa mahari yangu tayari. Kwa hivyo niliitaka picha ile sana, uso wangu ubaki mahali fulani pale shuleni.

Zamu yangu ilipofika, naibu wa mwalimu mkuu akanisukuma kando. "Wewe hapana. Utairarua."

"Ikimwingia haitoki, tutamzika nayo!" akapiga kelele yule binti mwenye sweta. Wakaanguka kwa kicheko. Machozi yakanijaa. Aliponiona hivyo akamgeukia naibu, akasema, "Lakini mwalimu, si picha ni ya mbele tu?"

Akaniketisha, akanitandikia sweta kifuani, akapiga magoti nyuma yangu, akaivuta mabegani kwa mikono yake. Jasho lilinitoka mgongoni huku yeye ananong'ona, "Dada, ukijamba nakuacha."

"Nyabo, usicheke!" mpiga picha akafoka ndani ya kitambaa chake cheusi, akiniita bibi kwa Kiganda.

Baba mdogo hakungoja hata matokeo ya mtihani, akaniozesha. Namtaja, simwogopi kaburini. Alikula ng'ombe, mimi nikala fimbo za mume miaka kumi na moja kabla sijatoroka na watoto. Na yule naibu, pamoja na heshima yote ile aliyopewa siku ya mazishi yake, angeninyima hata hii picha moja.

"Kwani mama, ulisoma hapa?" mwalimu wa ofisini aliniuliza. Nikaweka kidole kwenye picha. Niko pale, nimebana midomo, nimependeza, na begani vinaonekana vidole vinne visivyo vyangu.

Lile duka halipo tena, na yule binti alihamia mbali, sijui wapi. Siku hizi kila mtoto huja na sweta yake. Wangu nimemnunulia kubwa, makusudi.