Mikono Miwili ya Kushoto

Zamani duka la mshona suti lilikuwa mahali pa kubishana mpaka mate yakauke. Leo ni mahali ambapo watu huinamia viganja vyao kama wanaosomewa hukumu.

Hata kwa Fundi ugonjwa huo uliingia. Kila alasiri rafiki zake wawili, Seremala na Mwalimu mstaafu, walikuja kukaa kwenye benchi karibu na meza yake ya kukatia. Miaka nenda miaka rudi waligombania siasa, mpira, na nani kati yao alikuwa na sura nzuri ujanani. Kisha watoto wao wakawanunulia simu za kugusa, wakanyamaza. Kila mmoja akawa anacheka peke yake. Na Fundi, tusifichane, aliwapita wote. Simu yake aliiegemeza kwenye cherehani, akashona jicho moja likiwa kwenye sindano, la pili kwa watu asiowajua wakitukanana.

Ndipo Seremala akaleta kitambaa cha kijivu alichokitunza tangu mkewe akiwa hai, ashonewe koti la kumwozea binti yake. Kitambaa kilikuwa kifupi. Kwa kawaida Fundi hukunja kitambaa na kukata mikono yote miwili kwa pamoja, wa kulia na wa kushoto. Hiki hakikutosha kukunjwa. Ilibidi akate mkono mmoja, ageuze kiolezo, akate wa pili. Kazi ya kufanya amefumba macho. Lakini simu ilikuwa ikimwonyesha mbuzi aliyepanda juu ya gari la polisi. Alicheka, akakata. Hakugeuza.

Alipokuja kuunganisha, koti lilikuwa na mikono miwili ya kushoto, na kitambaa kimekwisha.

"Sasa nitatembea nimejipinda kama msumari uliong'olewa?" Seremala akacheka. "Iondoe tu mikono, ndugu yangu. Nitavaa kizibao."

Akamwoza binti yake kwa kizibao, na viwiko vya shati lake lililochakaa vikaonekana kwenye picha zote. Hakulaumu hata kwa neno moja. Hilo lilimuuma Fundi kuliko tusi.

Kesho yake Fundi alimkabidhi simu binti yake mwenyewe, aliyemsaidia dukani.

"Baba, wateja wanatuma picha za mishono humu."

"Waje wenyewe. Siwezi kupima bega la picha."

"Watakukimbia."

"Wakimbie, lakini watakimbia uchi."

Mwanzoni yalikuwa mateso. Katikati ya mshono mkono ulipapasa mfuko wa shati, ukakuta chaki. Paja lilitetemeka kana kwamba simu inaita, na hakukuwa na kitu cha kulitetemesha. Alitukana, akaendelea kukanyaga cherehani. Taratibu masikio yakazibuka: akaanza tena kusikia sindano ikibadili mlio kabla ya kukatika.

Ndipo akatundika kapu mlangoni. Mwenye simu aiweke humo, au asiingie.

"We mzee, umelewa?" Mwalimu alifoka. "Kosa ufanye wewe, adhabu tule sisi?"

"Kosa nililifanya mkiwa hapa hapa pembeni yangu. Mngekuwa na macho, mmoja wenu angepiga kelele."

"Lakini mimi nilishakusamehe," Seremala alisema kwa upole. "Koti lilikuwa langu."

"Umesamehe wewe. Mimi bado."

"Na tusipoweka?" Mwalimu akauliza.

"Njia mnaijua."

Waliweka, kwa siku chache. Mwalimu hakuacha kulichungulia lile kapu kama kuku aliyenyang'anywa mayai. Kisha hawakuonekana tena. Fundi akasikia wamepata kiti kwa kinyozi wa mtaa wa pili, ambako kuna soketi ya kuchajia.

Alasiri zikawa ndefu. Fundi alipiga pasi, akajibishana na redio, akajikuta amemaliza hoja na hakuna wa kumpinga.

"Litoe hilo kapu, Baba," binti yake alimsihi. "Kawaombe warudi. Unawahitaji."

"Nawahitaji, sikatai. Lakini nikilitoa kitarudi nini? Vipara vyao vilivyoinamia simu? Vipara nimeviona vya kutosha."

Kapu likabaki.

Mara ya mwisho kuwaona, walikuwa wakipita mbele ya duka lake asubuhi, bega kwa bega, kila mmoja na mwanga wake kiganjani. Fundi alitoka mbio, tepu ikining'inia shingoni.

"Seremala! Mwalimu!"

Seremala akainua mkono. Macho hakuyainua.

"Mkono nimeuona!" Fundi alipaza sauti, mtaa mzima ukageuka. "Uso je?"

Muuza matunda aliangua kicheko. Wale wawili waliendelea kutembea, wakakata kona kwenye duka la dawa, bado wameinama. Fundi alisimama katikati ya njia, kidevu juu, akawaita tena kwa sauti kubwa zaidi.