Nafasi Upande wa Ukutani

Mimi ni kifunguamimba, na kwetu tulilala wasichana wanne kitanda kimoja. Tulilala mzungu wa nne, miguu ya mmoja kichwani kwa mwenzake, na kitindamimba tukamweka ukutani asije akaanguka. Nilipopata chuo nikaapa kwamba chumba cha watu wengi sikitaki hata kwa dawa. Aliyezoea kuamka na kisigino cha mdogo wake mdomoni hahubiriwi umoja.

Mlezi wa bweni alinionyesha kwanza chumba kipana chenye dirisha kubwa. Wasichana watatu walikuwa ndani, wakicheka huku wakipanga masanduku.

"Hapa utapata wenzako," akasema.

"Wenzangu nimewaacha nyumbani, mama. Wananitosha."

Akaguna, akanipeleka mwisho wa korido, kwenye kijichumba cha mtu mmoja. Kulikuwa na kitanda, meza na msumari wa kutundikia nguo. Nikakipenda papo hapo. Alipoondoka nilifunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena, kwa raha tu ya kuwa na mlango wangu. Kisha nikajilaza nipumzike kidogo, usingizi ukanichukua.

Niliposhtuka, mlezi alikuwa amefungua mlango, amesimama hapo na ufunguo aliokuja kunikabidhi mkononi. Alikuwa akinitazama nilivyojikunja ukingoni kabisa, mguu mmoja unaning'inia, na godoro lote upande wa ukutani liko tupu.

"Mwanangu," akauliza polepole, "huko ukutani umemwachia nani?"

"Kitindamimba wetu," nikajibu kabla sijafikiri. "Akilala huku ataanguka."