Kamba Yenye Mafundo Mawili

Mume wangu alinipima mchana, akidhani nimelala. Nilikuwa nimefumba macho tu ili kikohozi kitulie. Nikasikia kitu chepesi kinanigusa utosini, kikateremka ubavuni mpaka kisiginoni. Nikachungulia kwa jicho moja. Ilikuwa kamba. Akafunga fundo. Akaipitisha tena juu ya mabega yangu, akafunga fundo la pili, akaitia mfukoni na kutoka akinyata kama mwizi.

Mimi ni mke wa seremala. Kwetu Kongo, upande wa ziwa, hata mtoto anajua seremala akipima mtu kwa kamba ya mafundo mawili anaenda kutengeneza nini. Kabati halina mabega.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, hapa Durban, katika chumba chetu cha ghorofani karibu na Warwick. Dirisha lilitazama ua wa nyuma, na huko ndiko alikofanyia kazi. Nilikuwa na kifua kikuu. Nesi wa kliniki alinipa vidonge akasema nitapona, lakini nesi gani atakwambia utakufa? Sikuogopa ugonjwa sana. Nilikuwa nimepita vita, nimepita pori. Mtoto wetu wa mwisho tulimzika kando ya njia, tumemfunga kitenge tu, kwa sababu hatukuwa na ubao wala msumari, na baba yake seremala. Mtu aliyetoka kule haogopi kukohoa. Niliogopa nyundo.

Maana siku ya pili ilianza kulia pale chini. Nikajikokota mpaka dirishani. Mbao za paini, safi, nyeupe, ambazo hakuwahi kuninunulia hata za kitanda. Zilikuwa pana upande mmoja, zikawa nyembamba kuelekea mwisho.

"Papa, unatengeneza nini?"

"Kabati," akasema bila kuinua kichwa.

"Kabati ya nani?"

"Ya mzungu mmoja wa Queensburgh. Rudi ulale, mama, upepo mbaya."

Jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu aliyesuka nywele saluni, akaniletea uji jioni. Simtaji jina, lakini akisoma atajijua. Akakaa kitandani, akanishika mkono kama unavyoshika mkono wa mtu anayesafiri.

"Dada, bwana yako ni mtu wa maana. Wengine wanangoja mpaka kanisa lichange. Yeye anajipanga mapema."

"Anajipanga nini?"

"Eish, usinitege! Jengo lote limeona. Kama iko mtu umemfungia roho, samehe sasa." Akaangalia ukutani nilipotundika nguo. "Na kile kitenge cha bluu, usije ukazikwa nacho. Ni dhambi kukipoteza."

Huyo ndiye aliyenitia sumu ya mawazo. Tangu jioni hiyo sikula tena chakula alichopika mume wangu. Nilikimwaga dirishani akigeuka. Vidonge alivyoniwekea mkononi nilivitia chini ya ulimi, kisha chini ya godoro. Kila nilipolala niliona kamba. Nilijiuliza amechoka kuniuguza, au amepata mwingine? Mwili ukaisha. Nilikuwa nakufa kweli sasa, tena kwa mikono yangu, nikimkimbia yeye.

Alipokuja ananuka vanishi, nikajua amemaliza. Mtu haogopi tena akishaona jeneza lake limepakwa vanishi.

"Ulinipima," nikamwambia. "Nilikuwa macho."

Akakaa sakafuni. Akaanza kusema mbio mbio. Yule mzungu alikuwa ameishi ng'ambo, na huko wana siku yao inaitwa Halowini. Watoto wanavaa kama mizimu, wanatishwa, wanapewa pipi. Anataka jeneza la kupamba uani, mke wake alale ndani, watoto wakisogea aruke.

"Nilimwomba kipimo, akasema chochote, mradi mwanamke aingie. Mama, wewe unajua jeneza halikatwi bila mtu. Ningempimaje mke wa mzungu?"

"Ukaona unipime mimi."

"Ndiye mwanamke niliye naye."

"Na watu wazima wanacheza na jeneza?"

"Wanacheza, haki ya Mungu."

"Nipeleke nikaone."

Jumamosi alasiri yule mzungu, bosi wake, akaja na bakkie, gari lake dogo la mizigo. Mbele palikuwa na kiti, lakini alikaa mbwa wake. Sisi tukapanda nyuma pamoja na lile sanduku. Tulipopita Warwick, tukasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, wanaume wakavua kofia. Mama mmoja muuza mitishamba akanishika mguu akanipa pole kwa Kizulu, machozi yakimtoka. Watu wasionijua wananililia, na mimi nimekaa palepale, napumua. Nilishika ukingo wa gari mpaka vidole vikafa ganzi.

Queensburgh nilikuta mashuka yanayoning'inia mitini, maboga yametobolewa macho, watoto wamejipaka damu ya uongo usoni. Nikasema moyoni, basi ni kweli. Pumzi ikarudi kidogo.

Mke wa bosi alikuwa mrefu kama mlingoti. Akaingia, magoti yakabaki juu, kifuniko kikakataa. Wakacheka. Halafu bosi akageuka akanitazama, kuanzia utosini, akashuka taratibu mpaka miguuni. Ilikuwa njia ileile iliyopita kamba.

Akamwambia mume wangu kwa Kiingereza, na Kiingereza hicho nilikielewa chote: "Mkeo linamtosha. Aingie yeye, dakika tano tu, watoto wafurahi."

Mume wangu akaangalia majani. "Ni mchezo tu, mama," akasema polepole.

Kule porini sikuwahi kuogopa vile. Kule adui nilimjua.

"Mtoto wetu alikwenda na kitenge," nikamwambia kwa Kiswahili, mbele yao wote. "Leo umepata mbao, unataka niingie nichekwe?"

Mume wangu akachukua nyundo yake, akainama kwenye sanduku, akapiga ubao wa miguuni kutoka ndani, mara mbili, ukang'oka. "Miguu ya madam itokee hapa," akamwambia bosi. "Wataogopa zaidi." Bosi akapiga makofi, akadhani ni ufundi. Mume wangu akanipa ule ubao mikononi. Tulirudi kwa taxi nimeupakata.

Usiku huo nilimeza vidonge, maji nikiyachota mwenyewe. Nikapona. Ubao huo mpaka leo nakatia mboga. Yule wa saluni alikuja kunipongeza, macho yakiwa kwenye kitenge. Nilikuwa nimekivaa.

Kamba, mume wangu anasema ilipotea. Nguo zake zote nazifua mimi, na kabla sijazitia kwenye beseni nageuza kila mfuko nje. Nimekuta misumari, nimekuta penseli. Mafundo yale mawili bado sijayaona, na akiinama juu yangu nikiwa nimelala, hata kama ni kunifunika shuka, nafungua macho kwanza.