Karatasi Kwenye Lango la Penko

Jirani yangu Penko ni fundi wa paa, na kwa miaka mingi amekuwa akimpelekea habari Rositsa, mwandishi wa gazeti dogo la mjini. Boga lenye pua. Korongo aliyekataa kuhama wakati wa baridi. Rositsa humpa kahawa na kumtania.

"Mjomba Penko, leo umeniletea ndege gani?"

Safari hii Penko hakucheka. Alikuwa ametengeneza paa la nyumba ya mlinzi wa bwawa, juu ya kijiji chetu, na kutoka kule aliona ufa kwenye ukuta wa bwawa, maji yakichuruzika. Mwenye bwawa, anayefuga samaki humo, alimshika bega akamwambia, "Wewe umeona paa tu."

Rositsa aliweka kikombe chini. "Niandike nani ameona?"

"Andika fundi mmoja wa paa."

"Kijijini kwenu mafundi wa paa mko wangapi?"

Penko alifikiri. "Mimi."

"Basi. Na bila jina mhariri hachapi. Nijibu kesho asubuhi."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Penko amejibanza nyuma ya ukuta wangu, mkate kwapani. Alikuwa anatoka dukani, akaona kwa mbali karatasi mpya langoni kwake, ina ukingo mweusi na picha katikati. Kwetu ndivyo tunavyotangaza wafu.

"Wamenibandika," alinong'ona. "Nenda ukasome. Kama ni sura yangu, usiniambie."

"Nikinyamaza si utajua?"

"Nenda tu, bwana."

Nilivuka barabara. Ilikuwa picha ya mama yake. Siku hiyo ilitimia nusu mwaka tangu afariki. Ganka, dada yake Penko, anayekaa nyumba ya kwanza chini ya bwawa, alikuwa amepita kuibandika, kama ilivyo desturi ya kumkumbuka marehemu nusu mwaka ukitimia. Penko alikuwa ameisahau siku.

Nilimwita. Akaja, akasimama mbele ya picha, akailaza pembe iliyojikunja.

"Karatasi ya Ganka sitaki kuja kuibandika," alisema. Akanipa mkate nimshikie, akaenda kupanda basi la mjini.

Jina lake lilitoka gazetini Ijumaa. Wiki iliyofuata wakaguzi walikuja wakaanza kupunguza maji. Mwenye bwawa akikutana naye hamsalimu, humtazama tu. Na Penko, kila asubuhi kabla ya kwenda kununua mkate, huchungulia kwanza nyuma ya pazia kulitazama lango.