Mzigo Nilioutafsiri Mimi

Mwanangu, mimi duniani hakuna kilichobaki cha kunishangaza. Nimeanza kwa kuziba pancha pembezoni mwa barabara ya Sur, hapa Omani, chini ya jua la utosi, na leo nina maduka matatu ya matairi: moja Ibra, moja Al Kamil, moja Sur kwenyewe. Skuli niliishia darasa la nne. Waliomaliza skuli ndio wanaonipigia simu kuniombea kazi watoto wao. Utasema najisifu. Najisifu, ndiyo, aliyejijenga mwenyewe asipojisifu atasifiwa na nani? Lakini nataka ujue kwamba anayesema nawe si mtu wa kubabaishwa.

Ila ipo siku moja, nikiikumbuka, ubingwa wote hunitoka kama upepo kwenye tairi lililokanyaga msumari.

Wengi mnanijua kwa wazimu wangu wa mpira wa Kiaustralia. Jumamosi asubuhi ukiingia dukani kwangu Ibra utakuta simu imeegemezwa kwenye kopo la gundi, nami napiga kelele peke yangu. Mpira wenyewe una umbo la yai. Unapigwa teke, unapigwa ngumi, na mtu huruka akapanda bega la mwenzake akaudaka hewani. Goli lina nguzo nne na halina mwamba wa juu. Mafundi wangu wa Kibengali wanaona nimerogwa.

Msimu wao huanza mwezi wa tatu. Kabla ya hapo kuna miezi ya mazoezi, na hiyo ndiyo miezi ya uongo mtupu. Kila timu hutangaza: fulani kapungua mafuta, fulani anakimbia kama swala, yule mtoto mpya ni moto wa kuotea mbali. Mashabiki tunajazwa maneno tukajaa. Zikija mechi za kujipima, aliyeshinda hushangilia kana kwamba kikombe kimeshatiwa kabatini. Mimi sishangilii. Nazitazama kama fundi anayesikiliza injini: sitaki kujua inakwenda kasi gani, nataka kujua inagonga wapi. Na kocha akimweka nje mtoto wa miaka kumi na minane, wenzangu kwenye kundi la simu wakaanza kumtukana, mimi peke yangu huandika: mwacheni. Wananiita mzee mwoga. Leo nitakwambia woga huu niliununua wapi.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, sina duka hata moja. Nilikuwa na gari la tangi tu, nikipeleka maji kwenye kambi ya kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara nje ya Ibra. Msimamizi wa pale alikuwa Mwaustralia, jina lake Doni, mtu mfupi, shingo nyekundu, mpole kuliko sura yake. Alilitumia greda la kazini kusawazisha kiwanja kandokando ya wadi, lile bonde la mto mkavu, akasimamisha mabomba manane kuwa nguzo, akawakusanya vijana wetu wa mtaani kuwafundisha mchezo wa kwao. Mie nikajifanya mkalimani wake. Kiingereza changu kilikuwa cha kambini: maji, dizeli, kesho, hakuna shida. Lakini nilikuwa na mdomo, mwanangu, na mwenye mdomo haulizwi cheti.

Kwenye vijana wale alikuwamo Seif, mtoto wa dada yangu Zuwena. Miaka kumi na saba, mrefu, mkimya, mikono yake kama imepakwa gundi. Akiruka, wallahi, unapata wasaa wa kusema bismillahi kabla hajatua. Doni alimchukua video akazipeleka kwao, na klabu moja ya mji wake ikajibu: mleteni mwezi wa tatu, akae msimu mzima, tumtazame. Hebu fikiri. Mtoto wa Ibra, bibi yake kazaliwa Ng'ambo ya Unguja, anakwenda Australia kuruka mbele ya watu elfu. Mimi ndiye niliyezunguka mji mzima kutangaza. Kila baraza niliyoketi, Seif alikuwa ameshafika Australia, na aliyemfikisha alikuwa mjomba wake.

Mwezi wa kumi na mbili Doni akaenda kwao likizo ya wiki saba. Kabla ya kuondoka alinipa karatasi mbili alizoziandika kwa mkono, akanieleza juu ya boneti la pikapu yake. Maneno mengi yalinipita. Nilishika moja, maana alilirudia mara tatu nne na nilikuwa nalijua vizuri. Ndilo lililochapwa kwenye stakabadhi zangu za tangi: load, yaani mzigo. Akionyesha kwa kiganja: kidogo, halafu juu kidogo, halafu juu kidogo tena. Mzigo uongezwe polepole, kila wiki. Nikamwambia hakuna shida.

Sasa, alichokusudia Doni ni uzito wa mazoezi yenyewe: mbio ngapi, miruko mingapi, ili mwili uzoee taratibu. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyosema, leo nalijua hilo kuliko jina langu. Lakini mimi niliyekuwa nikibeba vitu tokea utoto, nikiambiwa mzigo nitaelewa nini? Nilielewa mzigo.

Kesho yake nikakusanya mifuko mitupu ya mchele, nikaijaza mchanga wa wadi, nikaipima kwenye mizani ya muuza samaki, kilo kumi kumi, nikawafunga vijana mgongoni. Wiki ya pili, kilo kumi na mbili. Wiki ya tatu, kumi na nne, na kupanda kile kilima cha mawe nyuma ya kiwanja, na ukifika juu, miruko hamsini. Niliona raha, mwanangu. Nilijiona kocha.

Na hapa ndipo penye aibu. Dada yangu Zuwena alikuwa mwalimu wa Kiingereza, skuli ya wasichana. Nyumba yake na yangu ukuta mmoja. Karatasi za Doni zilikuwa kwenye mfuko wa kanzu yangu, na mara mbili nilizitoa, nikazitazama, nikazirudisha. Kuuliza si ujinga. Marehemu baba alikuwa akilisema kila siku. Lakini mie, mkalimani wa Mzungu, nimwendee dada yangu niseme nisomee? Watu watasikia.

Basi siku yenyewe ilikuwa ya wiki ya nne, alasiri. Vijana wako nusu ya kilima na mifuko yao, ikasimama pikapu ya Ami Nassor. Huyu alikuwa rafiki wa baba tokea Unguja, mwenye shamba la mitende, mzee wa watu wote pale mtaani. Akashuka na fimbo yake, akatazama kwa muda.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hawa wachezaji au mahamali?"

Vijana wakacheka huku wakihema.

"Mazoezi haya, ami. Utaalamu wa Australia."

"Kumbe Australia hakuna magari? Mchanga wanabebeshana watoto?"

Wakazidi kucheka, na mimi sikupenda. Ami Nassor akamwita Seif, akamwinamia mguuni, akambonyeza kwa kidole gumba chini ya kifuniko cha goti. Pale palikuwa pameota kinundu kama kokwa ya tende. Seif akauma mdomo.

"Linakuuma tokea lini?"

"Tokea zamani, babu. Siku kumi hizi limezidi."

"Na mjomba wako unamwambia?"

Seif akanitazama, kisha akatazama chini. "Kanijibu, mchumia juani hulia kivulini."

Mzee akanigeukia. "Methali hiyo ina kula ndani yake, na ina kulia. Wewe mtoto huyu unampeleka kwenye ipi?"

Akasogea karibu yangu, akashusha sauti, maana alikuwa mtu wa kusitiri. "Sikiliza. Tende ya mabsali tunaichuma bado ya manjano, tunaichemsha kwenye yale masufuria makubwa, tunaianika, tunauza. Haidhuriki, Mungu kaiumbia moto. Lakini tende ya khalasi ukiiangusha bado mbichi ukaitia motoni, unapata nini? Tende hupati na mbichi umeipoteza. Khalasi hungojwa iive yenyewe juu ya mti, na anayeingoja huona wenziwe wameshauza. Huyu wa dada yako ni khalasi. Mvue gunia."

Mwanangu, maneno kama hayo leo ningeyaandika juu ya mlango wa duka. Siku ile nilichosikia ni kicheko cha vijana tu. Nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie: "Ami, wewe shika mitende yako, mpira niachie mie."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisema tu, "Haya, bwana mkubwa," akapanda pikapu yake, akaenda zake. Hata vijana walijua nimesema nini, na nimemwambia nani.

Ili kuonyesha kwamba sijatikisika, nikawaamuru waendelee. Seif akapanda kilima, akafika juu, akaanza kuruka. Nilikuwa nahesabu mimi. Nilipofika thelathini na mbili nikasikia mlio, kama tawi kavu la mlimau likivunjwa kwenye goti. Hakupiga kelele. Aliketi polepole kwenye mawe na mfuko wake mgongoni, akashika paja kwa mikono miwili.

"Mjomba," akaniita. "Mguu nauita hauji."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema guu la nani.

Hospitali daktari alisema mshipa umeng'oa kipande cha mfupa chini ya goti, mfupa ambao ulikuwa bado haujakomaa. Zuwena akaja na baibui la kazini, chaki bado kwenye vidole. Akauliza mtoto alikuwa akifanya mazoezi gani. Na mimi, kwa kujikinga, nikazitoa zile karatasi. Nikasema si mimi, dada, ni haya aliyoandika Doni.

Akazisoma palepale kwenye ukumbi, amesimama. Akaisoma ya kwanza, akaisoma ya pili, akairudia. Kisha akanisomea kwa Kiswahili, polepole, kama anavyowasomea wanafunzi wake. Palikuwa na majina ya vijana wote, na mbele ya jina la Seif pameandikwa: Huyu bado anakua, na goti linamsumbua. Asiruke kabisa mpaka nirudi. Mbio nyepesi mara mbili kwa wiki, basi. Msimharakishe.

"Ulikuwa nazo wapi?"

"Mfukoni."

"Wiki zote nne?"

"Wiki zote nne."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Nikanyoosha mkono anirudishie karatasi.

"Ungegonga ukuta tu, ndugu yangu," akasema. "Ningekuja na kanga begani." Akaenda kwa mtoto wake. Tokea siku hiyo ameniita ndugu yangu kwa adabu kamili, na jina langu hajalitaja tena.

Doni aliporudi alikwenda moja kwa moja kiwanjani. Mifuko ilikuwa pale pale imelala. Akanyanyua mmoja, akauweka, akaniuliza hii nini. Nikamjibu kwa neno lake mwenyewe: mzigo. Akaketi chini kwenye vumbi, akashika kichwa. Mwezi wa tatu ulifika ukapita. Kule walimchukua kijana mwingine, na mwaka uliofuata barabara ikaisha, Doni akaondoka, na greda likaondoka, na wadi ikafurika kwa mvua moja ikakifagia kiwanja.

Seif sasa ni mtu mzima, ana kazi ya ofisi Sur, ana mke na binti. Goti halikunjiki. Sikukuu tukikusanyika, sinia la wali likiwekwa chini na watu wakalizunguka, yeye hawezi kukunja mguu akaketi nasi. Huletewa kiti na sahani yake, akala peke yake pembeni, mguu ameunyoosha kama mtu anayengoja kuitwa. Akiniona huniamkia vizuri, "Shikamoo, mjomba," na huniuliza hali ya maduka. Mpira haulizi. Niliwahi kumwonyesha kwenye simu kijana mmoja aliyedaka mpira juu kabisa, nikidhani nitamfurahisha. Akatazama mpaka mwisho, akanirudishia simu, akasema, "Anatua vibaya. Mwambieni." Nimwambie nani, mimi?

Ami Nassor naye alikufa kabla sijamwomba radhi. Nilibeba jeneza lake, lakini jeneza halisamehe.

Basi shika haya, mwanangu, wewe unayefundisha vijana, na wewe unayefundishwa. Mazoezi ya kabla ya msimu si mtihani wa nani mwanamume. Ni kumtayarisha mtu ili msimu ukifika awe mzima, na aliye mzima mwezi wa nane ni bora kuliko aliyesifiwa mwezi wa pili. Kijana akikwambia panauma, hiyo ni habari, si udhaifu, mshukuru. Mwenye kipawa kikubwa ndiye wa kungojwa zaidi, ingawa ndiye anayetutia haraka zaidi. Mkubwa akikusimamisha mbele za watu, meza aibu yako, aibu haivunji mfupa. Na usilolijua, uliza. Uliza mwanamke, uliza mdogo wako, uliza mtumishi wa nyumbani aliyesoma kuliko wewe. Mimi nina watu arobaini chini yangu leo, na karatasi ikija mbele yangu namwita binti wa kaunta anisomee mbele ya wateja, neno kwa neno. Wanaocheka, wacheke.

Mungu akupe magoti mazima na masikio yanayosikia. Akupe mwalimu mwenye subira, akujaalie uive kwa wakati wako, asikuonyeshe mtoto wa mwenzio akilipia kiburi chako. Amin.

Na kwa kuwa nyinyi vijana hadithi isiyo na bei hamwiamini, bei yake nitaitaja. Nilimpeleka Seif hospitali ya kulipia, nikidhani fedha itauharakisha mfupa uwahi mwezi wa tatu. Akapasuliwa, haukukaa, akapasuliwa tena Maskati. Niliuza gari la tangi. Mpaka gongo la mwisho la kutembelea, ilikuwa riyali elfu tatu mia mbili na kumi na nane, na baisa mia nne.