Mwezi wa Mama

Kwetu Kilwa Masoko watu wengi hungoja redio iwaambie kesho ni Ramadhani. Mama yangu haiamini redio. Tangu nipate akili, yeye hutoka mwenyewe uani baada ya magharibi, akautafuta mwezi, akauona, akainua mikono na kusoma dua. Alipopata mtoto wa jicho, macho yote mawili, aliendelea kutoka vilevile, akageuza uso magharibi na kuniuliza, "Umeandama?" Nikimwambia umeandama, anaguna tu. Na hospitali hataki hata kuisikia. Kisu kwenye jicho lake? Labda akiwa maiti.

Ndiyo maana nilijiunga na klabu ya watazama nyota, mtu mzima mimi, fundi cherehani, katikati ya walimu vijana wanaokutana uwanja wa mpira na darubini yao moja. Nilidhani darubini itamkuzia mama mwezi mpaka auone. Jioni ya kwanza nilipouona mimi, na mashimo yake, nilijikuta nimemshika mkono mtu nisiyemjua. Baadaye wakanipa kazi ya kuisogeza darubini kidogo kidogo, kwa sababu mwezi hautulii. Ukizubaa unatoka kwenye kioo.

Mwezi wa Shaabani ulipoandama nikampeleka mama. Alijifukiza udi, akavaa doti mpya ya kanga kama anakwenda harusini. Vijana wakampa shikamoo, wakamletea kiti. Nikahangaika na kiti, nikahangaika na kanga yake, kisha nikamsogeza mpaka jicho likafika kwenye darubini. Akachungulia muda mrefu.

"Nauona," akasema. "Mashallah."

Akainua mikono, akasoma dua yake. Wote tukaitikia amina, na mimi machozi yakanitoka.

Alipoinuka nikachungulia. Giza tupu. Nilikuwa nimesahau kuisogeza darubini, na mwezi ulishatoka kwenye kioo kitambo.

Njiani akanishika mkono kwa nguvu. "Mwanangu, sikuona kitu. Hata weupe. Niliwaonea huruma wale watoto." Kisha, kwa sauti ndogo, "Kumbe macho yangu yameharibika kiasi hiki. Nipeleke wakanipasue."

Nilimpenda mno saa ile, na ikaniuma kumwacha aamini hivyo. Mdomo nilishaufungua nimwambie kwamba hata mimi sikuona kitu. Nikaufumba. Tulipofika nyumbani nikampigia kaka simu aje na gari alfajiri, kabla mama hajabadili nia.